Karatasi Mbili za Kibirizi

Jumamosi, saa 10 jioni, nilikuwa soko la Mwanga napatana bei ya migebuka, simu ikaita.

"Kaka, orodha imepotea."

Alikuwa karani wa mizigo wa bandari ya Kibirizi, hapa Kigoma, kijana makini ambaye hanipigii ovyo. Boti la Uvira lilikuwa limeshapakia. Chumvi ya Uvinza, simenti, unga, ndoo za plastiki, magodoro yaliyofungwa kwa kamba, vyote alikuwa ameviingiza kwenye programu yetu mstari kwa mstari, na nahodha amesimama mlangoni anadai karatasi yake aondoke. Karani akafuata mwongozo, akabonyeza Maliza, fomu ikabaki tupu.

"Unasoma mwongozo upi?"

"Huu wenu. Upo hapa ukutani, kwenye msumari."

"Hebu nisomee."

Akasoma polepole, huku nyuma yake nikiwasikia makuli wakiitana: "Safari ikiwa tayari, bonyeza Maliza. Orodha itahifadhiwa."

Sentensi ile naijua. Niliiandika mimi. Na miezi minne kabla ya siku hiyo niliifuta mimi, tulipobadilisha vitufe: siku hizi Funga Safari ndiyo inayohifadhi orodha, na Maliza inasafisha fomu kwa ajili ya safari nyingine. Nilikuwa na hakika nimeurekebisha ukurasa ule. Nakumbuka hata siku yenyewe, umeme ulikatika nikamalizia kwa betri.

Boti lilichelewa saa moja na nusu. Waliandika upya mizigo yote kutoka kwenye daftari la mnyapara wa makuli, mzee mmoja anayeandika kila gunia linalopita begani kwa vijana wake. Namshukuru Mungu ziwa lilikuwa shwari jioni ile.

Usiku nikafungua kompyuta. Ukurasa wa kumaliza safari ulikuwepo, sahihi kabisa, na Funga Safari yake. Nikaitafuta ile sentensi ya zamani kwenye mradi mzima. Ikatokea. Ukurasa wa pili, Kiswahili kilekile, kichwa kilekile, kwenye folda nyingine.

Ni wiki ya sita sasa, na jambo hili halijanitoka.

## Folda za bendera

Mwongozo wetu unasomwa na makarani wa pande tatu za Ziwa Tanganyika: sisi huku Kigoma, wenzetu wa Rumonge na Bujumbura, Burundi, na wenzetu wa Uvira na Kalemie, Kongo. Nilipokaa kupanga folda nilifikiri kama mtu wa bandarini. Mzigo una nchi unakokwenda, basi na ukurasa uwe na nchi yake. Nikafungua tz, bi, cd, na gb kwa ajili ya Kiingereza. Juu ya tovuti nikaweka bendera nne ndogo.

Ilipendeza sana.

Halafu karani wa Bujumbura akaomba Kifaransa. Kirundi anakizungumza siku nzima, lakini karatasi anazojaza kazini ni za Kifaransa, na alitaka maneno yalingane. Kwa hiyo ndani ya bi zikaingia folda mbili. Wa Uvira naye akataka Kiswahili na Kifaransa, na ndani ya cd zikaingia mbili. Kifaransa kikawa na nyumba mbili, Kiswahili nacho mbili. Nikanakili. Ilinichukua dakika chache asubuhi moja, na tangu asubuhi hiyo kila sentensi ya Kiswahili niliyoigusa ilikuwa na pacha wake ambaye sikumgusa.

Karatasi ya ukutani Kibirizi ilitoka kwa yule pacha. Karani wa Uvira ndiye aliyeichapisha, akampa mwenzake wa Kibirizi kwa wema tu, ikavuka ziwa ndani ya bahasha ya risiti.

Mtu aliyekulia Ujiji hahitaji kufundishwa kwamba nchi ni kitu kingine na lugha ni kitu kingine. Nyumba moja ina bibi Mbembe, baba Muha, na watoto wanaogombana kwa Kiswahili. Nalijua hilo tangu utoto. Lakini nilipokaa mbele ya kompyuta nikapanga dunia kwa bendera, kwa sababu bendera ni rahisi kuchora.

Na herufi zenyewe nilizikosea. Lugha zina alama zake, za kiwango cha ISO 639: Kiswahili ni sw, Kirundi ni rn, Kifaransa fr, Kiingereza en. Nchi zina za kwao, za ISO 3166: TZ, BI, CD, KE. Kanuni ya kuziunganisha inaitwa BCP 47, na ndiyo inayotupa sw-TZ, sw-KE, sw-CD. Lugha hutangulia, kwa herufi ndogo. Nchi hufuata kwa herufi kubwa, na ikiwa tu kuna haja. Sasa ile bi yangu, kama alama ya lugha, ni ya Kibislama, lugha ya Vanuatu, visiwa vya Bahari ya Pasifiki. Na jina la folda ndilo lililokuwa linajaza alama ya lugha ndani ya kila ukurasa. Maana yake ni kwamba kwa muda wote huo kurasa zetu za Kirundi zilikuwa zinajitangaza kwa vivinjari na kwa mitambo ya utafutaji kuwa ni za Kibislama. Ningefuata jina nikaandika ki kwa ajili ya Kirundi, ningeangukia Kikuyu.

Wakubwa nao hukosea hapa. Katika hati za Linux, mfumo wa uendeshaji wa kompyuta, tafsiri za Kihispania ziko kwenye folda iitwayo sp_SP, ilhali alama ya Kihispania ni es na ya nchi ya Hispania ni ES. Ukilitazama jina lile unaelewa namna lilivyozaliwa: mtu alikuwa na haraka ya kuanza kazi nzuri, akaandika herufi zilizomjia. Jina likishaingia kwenye viungo vya watu, kuling'oa ni kazi.

## Mama na wanawe

Nikaanza upya kwenye daftari, kwa kalamu. Nilijua nchi zinaondoka. Nilichokuwa sijui ni nini kianze: lugha au ukurasa.

Ukianza na lugha, unapata hivi:

    sw/safari/maliza.md
    rn/safari/maliza.md
    fr/safari/maliza.md

Ukianza na ukurasa, unapata hivi:

    safari/maliza/sw.md
    safari/maliza/rn.md
    safari/maliza/fr.md

Unaweza kusema ni mafaili yaleyale. Nami nilisema hivyo siku ya kwanza. Lakini kaa nayo kidogo, ujione ukifungua folda kurekebisha sentensi moja. Katika mpango wa kwanza unaingia sw, unaona Kiswahili tupu, unarekebisha, unafunga. Hakuna kinachokukumbusha kwamba kuna Kirundi mahali fulani kinachosema tofauti. Katika mpango wa pili unaingia maliza, na ndugu wote wako pale sebuleni wanakutazama. Ukimgusa mmoja, macho ya wengine yako juu yako.

Kosa la Kibirizi lilikuwa kosa la kutotazamwa. Kwa hiyo nikaenda na mpango wa pili, kwa moyo wote. Nilihamisha kurasa zote usiku mmoja.

Nilidumu nao siku kumi na mbili.

Mtafsiri wetu wa Kirundi ni mwalimu mstaafu. Anafanya kazi hii usiku, kwa simu, baada ya wajukuu kulala. Nikimtumia kazi ninafunga folda kuwa faili moja, naituma kwa WhatsApp, naye anaifungua. Chini ya mpango wa zamani alikuwa anapokea folda moja, ndani yake kuna Kirundi na hakuna kingine. Chini ya mpango mpya alipokea vifolda sitini na viwili, na ndani ya kila kimoja ilimbidi atafute faili lake katikati ya manne. Alinipigia siku ya tatu, kwa upole wake ule wa ualimu.

"Mwanangu, umenipa kijiji kizima nikatafute watoto wangu nyumba kwa nyumba."

Nikanyamaza. Kwa miaka yote mzee huyu hajawahi kulalamika hata siku bando lilipomwishia.

Kulikuwa na jingine. Ndani ya kurasa zetu kuna viungo vingi: ukurasa wa safari unakupeleka kwenye wa ushuru, wa ushuru unakupeleka kwenye wa risiti. Lugha ikitangulia, kiungo kinachosema "rudi nyuma folda moja, nenda ushuru" kinabaki ndani ya lugha ileile, bila kutaja lugha. Msomaji wa Kirundi anatembea Kirundi hadi mwisho. Ukurasa ukitangulia, kila kiungo lazima kitaje lugha yake, na mtafsiri akisahau kubadilisha herufi mbili tu, msomaji anajikuta kwenye Kifaransa.

Nikatazama wenzangu wanafanyaje. Hati za Kubernetes, programu ya kuendesha seva nyingi, ziko lugha kwanza: content/en, content/fr, content/ja na nyinginezo, na kila lugha ina watu wake wenye mamlaka ya kupitisha mabadiliko ndani ya folda yao. Docusaurus, chombo cha kutengeneza tovuti za hati, huweka tafsiri zote ndani ya folda ya i18n, kisha lugha, kisha kurasa. MDN, tovuti ya hati za teknolojia ya wavuti, wamekwenda mbali zaidi: Kiingereza kina repo yake, yaani hifadhi yake ya mafaili, tafsiri zina repo yake nyingine. Hugo, chombo kingine cha kutengeneza tovuti, wanakuachia uchague, ama folda kwa kila lugha, ama lugha ndani ya jina la faili, maliza.sw.md na maliza.rn.md zikiwa zimekaa bega kwa bega. Ile ya bega kwa bega ilinivutia muda mrefu. Kwa mradi wa mtu mmoja anayejua lugha zote, ningeichagua hata leo.

Lakini sisi tuko wengi, kila mtu na lugha yake, na watu wanapaswa kuweza kubeba lugha yao kama mtu anavyobeba kapu lake.

Nikarudi lugha kwanza. Yale macho ya ndugu nikayatafutia njia nyingine: juu ya kila ukurasa uliotafsiriwa kuna mstari mmoja unaotaja namba ya badiliko la ukurasa chanzo kwenye Git, programu inayotunza historia ya mafaili: ile hali ambayo mtafsiri aliifanyia kazi. Skripti fupi, yaani programu ndogo, inachukua namba hiyo, inauliza Git kama ukurasa chanzo umeguswa tangu hapo, na ukiwa umeguswa inaweka ukanda wa njano juu ya tafsiri: "Ukurasa huu haujafikiwa na mabadiliko mapya." Kubernetes wana skripti yao ya kazi kama hiyo, nami niliiga wazo. Inafanya kazi kwa sharti moja tu, kwamba jina la faili ni lilelile katika lugha zote. Mwanzoni nilimruhusu mwalimu atumie majina ya Kirundi, kwa heshima, nikaja kugundua kwamba hakuna mashine wala binadamu aliyeweza tena kujua faili gani ni mtoto wa faili gani. Kichwa cha habari ndani ya ukurasa ni cha msomaji, kiwe cha lugha yake. Jina la faili ni la kuunganishia.

Wapo watakaoniuliza kwa nini sikutumia gettext, mfumo wa kutafsiria programu, ambao hufanya haya yote aya kwa aya na hata kuweka alama kwenye aya iliyobadilika. Nilijaribu. Mfumo ni mzuri kwa vitufe na ujumbe mfupi wa programu, na huko bado tunautumia. Kwa kurasa ndefu ulimfunga mwalimu mikono: aya moja ya chanzo lazima iwe aya moja ya tafsiri, kwa mpangilio uleule, wakati yeye akieleza jambo kwa Kirundi huanza na sababu ndipo aje kwenye agizo. Nilipendelea nimpe ukurasa mzima auandike anavyoona inafaa.

## Barazani

Swali lililofuata sikulitarajia. Skripti inataka kujua ukurasa chanzo ni upi.

Niliandika en bila kufikiri. Vidole viliandika vyenyewe. Kisha nikaacha mikono juu ya meza.

Kila ukurasa wa mwongozo huu nimeuwaza kwa Kiswahili. Nimekaa Kibirizi kwenye benchi, nimewauliza makarani kwa Kiswahili, wamenijibu kwa Kiswahili, nikarudi nyumbani nikaandika kwa Kiingereza kwa sababu niliamini hati za programu huanza hivyo. Halafu mimi mwenyewe nikaitafsiri Kiingereza changu kurudi Kiswahili. Na mwalimu akatafsiri Kiingereza kilekile kwenda Kirundi, kamusi mkononi.

Mkanganyiko wa Maliza kwa Kirundi nao ulianzia hapo. Neno la Kiingereza nililolichagua lina maana ya kumaliza jambo na pia maana ya kusafisha. Mwalimu akachukua ya kwanza, akaandika kurangiza, yaani kumaliza. Mimi nilikusudia ya pili. Nilipomweleza, alisema kitu ambacho sijakisahau.

"Ungenipa Kiswahili chako, nisingepotea. Hizi lugha ni ndugu."

Ukizoea kutazama folda utaona jambo hili liko kila mahali. Katika Linux kurasa za msaada za Kiingereza zinakaa /usr/share/man/man1, moja kwa moja, bila kutajiwa lugha. Za Kifaransa zinakaa /usr/share/man/fr/man1. Hati za Linux yenyewe ziko Documentation, na lugha nyingine zote ziko ndani yake katika chumba kiitwacho translations. Hakuna aliyekusudia ubaya. Kazi ilianza kwa Kiingereza, wengine wakaja baadaye, wakapewa nafasi iliyobaki. Nasi tumezoea: mwaka 2004 Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili, ilipotoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilikuwa furaha kubwa, na Kiswahili kilikuwa mahali tafsiri inapofika. Sijui wangapi kati yetu tulijiuliza kama kinaweza kuwa mahali inapoanzia.

Katika mradi wangu mwenyewe Kiingereza kilikuwa kimekaa sebuleni, kama chanzo, na Kiswahili kimekaa barazani, kama tafsiri.

Ilinichukua siku nne kuamua, na nilipata mashaka ya kweli. Akija mfadhili au mtengeneza programu kutoka mbali atasoma nini? Nikajibu: atasoma folda ya en, iko pale pale, sawa na nyingine. Je, tukipata mtafsiri wa Kifaransa asiyejua Kiswahili? Atatumia en, na mstari wake wa juu utataja en kuwa chanzo chake. Skripti inaruhusu hilo. Mashaka ya mwisho yalikuwa ya aibu zaidi kuyasema: niliogopa kuonekana si mtaalamu.

Sasa mzizi hauna lugha yoyote. Zote ziko ngazi moja, na sw imeandikwa kuwa chanzo kwenye faili la mipangilio, mstari mmoja:

    mwongozo/
      sw/
      sw-CD/
      rn/
      fr/
      en/
      picha/

Folda ya picha iko nje ya lugha kwa makusudi. Picha za skrini tulizokuwa nazo zilikuwa na maandishi ya Kiswahili ndani, na msomaji wa Kifaransa alikuwa anaona vitufe asivyovijua. Tumepiga upya nyingi na kuweka namba ndani ya duara badala ya maneno, na ukurasa unaeleza 1 ni nini, 2 ni nini. Picha moja, lugha tano. Pale ambapo maneno hayakwepeki, kila lugha ina picha yake ndani ya folda yake, yenye jina lilelile, na hiyo ndiyo inayotangulia kuchukuliwa.

## RN na rn

Hili ni fupi, ila liliniondolea usiku mzima.

Kijana anayenisaidia anatumia Windows. Aliunda folda RN. Mimi natumia Linux na nilikuwa na rn. Kwenye kompyuta yake Windows iliziona ni folda moja, kila kitu kikaonekana kipo. Git ilikuwa inahifadhi njia mbili tofauti. Kwenye seva, ambayo ni Linux, zikawa folda mbili, kila moja na nusu ya kurasa, na nusu ya Kirundi ikapotea kwenye tovuti bila kosa lolote kuandikwa popote.

Tangu hapo skripti inakataa jina la folda lisilomo kwenye orodha yetu ya lugha, herufi kwa herufi. Na kistari ni kimoja: sw-CD. Ile sw_CD yenye mstari wa chini tumeiachia gettext, inayoitaka hivyo.

## Folda tupu

Mzee wa ghala moja Kasulu aliuona mwongozo wa Kirundi kwenye simu yangu, akausoma wote bila shida. Akanirudishia simu.

"Nimeelewa. Lakini si cha kwetu."

Kiha na Kirundi vinasikilizana. Muha akikaa na Mrundi sokoni, biashara inakwenda. Kwa hiyo kwa hesabu ya kazi hatukuwa tumemnyima mtu maelezo. Nililala nikifikiria uso wa yule mzee, na asubuhi nikafungua folda. Alama ya Kiha ni ya herufi tatu, haq, kwa sababu alama za herufi mbili hazikuzifikia lugha zote.

Git haihifadhi folda tupu. Ukiunda folda usiweke kitu ndani, kwa Git haipo. Watu huweka kijifaili kisicho na neno ili ikubali kuishika, nami nikafanya hivyo. Ikakaa hivyo wiki mbili, haq na faili lake lisilo na neno. Kwenye orodha ya lugha za tovuti, Kiha kikaonekana. Ukibonyeza, ukurasa mweupe.

Nikaiondoa. Nilijisikia vibaya kuiondoa, na bado najisikia vibaya. Lakini nilimwona mzee akibonyeza neno Kiha na kukuta weupe, nikaona hilo lingekuwa zito kuliko kutoliona kabisa. Jina lake liko kwenye daftari langu. Siku nikipata kurasa tano za Kiha zilizoandikwa na Muha, folda itarudi ikiwa na watu ndani.

## Tofauti peke yake

Ikabaki Uvira, mahali shida ilipoanzia.

Kiswahili cha Uvira kinasomeka Kigoma na cha Kigoma kinasomeka Uvira. Karani wa Uvira, dada mmoja anayejua kazi kuniliko, alinionyesha kurasa ambazo zinamkwamisha. Zilikuwa sita. Pale tunaposema kifurushi, wao husema koli. Fedha si ile moja. Karatasi za ushuru zina majina ya Kifaransa ambayo hakuna anayeyatafsiri. Nyingine zote alizipitisha kwa kichwa.

Kwa nini basi nilinakili sitini na mbili?

CLDR, ile hazina ya majina ya siku, miezi na fedha ambayo simu na kompyuta nyingi huitegemea, ina sw na ina sw-CD, na katika sw-CD hawakurudia kila kitu. Wameandika yale tu yanayotofautiana. Kinachokosekana hurithiwa kutoka sw. Nikaiga. Sasa folda ya sw-CD ina kurasa sita. Msomaji wa Uvira akiomba ukurasa wa saba, anapewa wa sw bila kujua kwamba umetoka chumba kingine. Na mimi nikirekebisha sentensi ya Maliza, narekebisha mahali pamoja, pacha hayupo.

Lakini nilisita. Nilikuwa nimetoka tu kukiinua Kiswahili changu kutoka barazani, na sasa nilikuwa nakiweka cha wenzangu kuwa tofauti ya cha kwangu. Nikampigia, nikamweleza yote, mpaka ile habari ya baraza. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kaka, hizo kurasa sita, nikisafiri, nani atazibadilisha?"

Sikuwa na jibu. Tukakubaliana kwamba zikipitwa kwa zaidi ya siku 14, skripti iziweke kando na msomaji apewe za sw, zenye kifurushi na yote, mpaka yeye arudi. Afadhali neno geni lenye kitufe sahihi. Hilo alilisema yeye, na alilisema haraka, kama mtu ambaye ameshawahi kungojea boti lisiloondoka.

## Chini ya karatasi

Skripti haiwezi kuufikia ukuta wa Kibirizi. Karatasi ikishachapishwa, ukanda wa njano haupo. Kwa hiyo tumeongeza kitu kimoja: kila ukurasa ukichapishwa, chini kabisa inatoka njia yake yote na tarehe.

Wiki iliyopita simu ikaita, mvua inanyesha, nasikia bati kuliko mtu. Kijana mgeni, yuko Kibirizi kwenye boti la Rumonge, anasoma karatasi ya Kirundi.

"Amahoro. Ushuru haukubali."

"Soma chini ya karatasi pameandikwa nini."

"Rn. Mkwaju. Ushuru. Mkwaju. Lipa." Akasoma na tarehe.

Nikafungua kompyuta. Nikaweka njia ile kwenye skripti. Sehemu ya tatu ya ukurasa ilibadilika siku nane baada ya tarehe yake, na mwalimu alikuwa hajaifikia, yuko kwenye msiba.

"Sehemu ya tatu usiifuate. Una kalamu?"

"Ninayo."

Nikamsomea kwa Kiswahili, yeye akaandika kwa Kirundi pembeni, akirudia kila neno kwa sauti. Alipomaliza nikasikia akiigonga karatasi ukutani.

"Mpya unaleta lini?"

"Jumatatu."

"Lete na msumari. Huu umelegea."